Cheti cha Kulala Hotelini Ambacho Hakijatumika: Mkazi Ajue Nini Mpango wa Zawadi Unapobadilika

Wakazi wengi wana cheti cha kulala hotelini usiku mmoja au miwili bila malipo, na wengi hawajakitumia. Kipo kwenye droo, kwenye barua pepe au ndani ya programu ya simu, kikisubiri likizo ya Desemba, harusi au safari ya Mombasa. Wakati huohuo, kampuni za hoteli hubadilisha mipango yao ya zawadi mara kwa mara. Mabadiliko hayo yanaweza kukiacha cheti kikiwa halali kwenye maandishi, lakini kikikosa hoteli ya kukipokea pale mwenye nacho anapotaka kwenda.

Makala haya yanaeleza cheti cha namna hiyo ni kitu gani, mabadiliko yanakigusa vipi, sheria ya Kenya inamlinda mwenye nacho kwa kiasi gani, na hatua za kuchukua kabla muda haujaisha. Jambo hili linaihusu kaunti moja kwa moja. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la kuendeleza na kusimamia biashara, na ndani ya jukumu hilo yametajwa leseni za biashara, biashara ya haki na utalii wa ndani.

Nani huwa na vyeti hivi?

Si matajiri pekee. Kuna wafanyakazi wanaosafiri kikazi na kulala hoteli moja mara nyingi hadi wanatuzwa. Kuna wanachama wa Sacco na vyama waliopata zawadi kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Kuna maharusi waliopewa usiku wa bure na ukumbi walikofanyia sherehe. Kuna pia wazazi wenye watoto ughaibuni. Nchini Marekani, kadi kadhaa za mkopo humpa mwenye kadi cheti cha usiku mmoja kila mwaka, na baadhi ya Wakenya wanaoishi huko hutumia zawadi kama hizo kuwalipia jamaa zao chumba wanapokuja nyumbani.

Vitu vitatu visichanganywe

Malalamiko mengi huanzia kwenye kuchanganya vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina kanuni zake.

Cha kwanza ni pointi. Mteja hujikusanyia pointi kila anapolipa, na anapofikisha idadi fulani huzibadilisha kwa chumba. Pointi hazina bei moja isiyobadilika. Kampuni ndiyo inayoamua usiku mmoja unagharimu pointi ngapi, na inaweza kupandisha kiasi hicho.

Cha pili ni cheti cha zawadi. Hiki ni ahadi ya usiku mmoja au zaidi, yenye tarehe ya mwisho na mipaka. Mipaka hiyo huandikwa kwa njia mbili kuu: ama kwa daraja la hoteli, kwa mfano hoteli za daraja la 1 hadi la 4 pekee, ama kwa kikomo cha pointi, kwa mfano hoteli yoyote ambayo usiku wake hauzidi pointi 35,000.

Cha tatu ni vocha iliyolipiwa pesa. Mtu amekwenda hotelini, akalipa fedha taslimu au kwa M-PESA, akapewa karatasi ya kumzawadia mwingine. Huyu amenunua huduma. Vocha hii ina uzito mkubwa zaidi kisheria kuliko zawadi ya bure, na Sheria ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa ya 2011 inataja vyeti vya zawadi miongoni mwa mali ambazo mwenyewe akikawia kuzidai hazipaswi kumezwa tu na kampuni.

Kabla ya kufanya lolote, mkazi anapaswa kujua ameshika kipi kati ya hivyo vitatu. Vilevile aangalie nani amekitoa. Cheti kilichotolewa na mpango wa kampuni ya kimataifa hupokelewa katika hoteli nyingi zilizo ndani ya mpango huo. Vocha iliyotolewa na hoteli moja hupokelewa na hoteli hiyo peke yake.

Kwa nini kampuni hubadilisha mipango

Zawadi ambayo haijatumika ni deni kwa kampuni. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayoitwa IFRS 15, ambayo ilianza kutumika Januari 2018, inaitaka kampuni itenge sehemu ya mapato yake kwa ajili ya zawadi ambazo wateja bado hawajazichukua. Mapato hayo huhesabiwa mteja anapotumia zawadi yake, au inapodhihirika kwamba hataitumia. Kwa hiyo zawadi zikirundikana, deni linakua. Zikiisha muda au thamani yake ikipungua, deni linapungua.

Sababu ya pili ni kwamba majengo mengi yenye jina la kampuni kubwa si mali ya kampuni hiyo. Mwekezaji hujenga, kisha hutumia jina kwa mkataba. Mgeni anapolala kwa cheti, mpango wa zawadi humlipa mwenye hoteli. Kwa kawaida malipo hayo huwa madogo hoteli ikiwa na vyumba vitupu, na hukaribia bei ya kawaida hoteli ikiwa imejaa. Ndiyo maana vyumba vya cheti hupatikana kwa urahisi mwezi wa Mei na kuadimika wakati wa Pasaka na Krismasi.

Sababu ya tatu ni ununuzi wa kampuni. Kampuni moja ikimeza nyingine, mipango miwili ya zawadi huunganishwa, na kanuni za mmoja hupotea.

Mabadiliko ya aina tano

*1. Hoteli kupandishwa daraja.* Cheti kinasema daraja la 1 hadi la 4. Hoteli iliyokuwa daraja la 4 inapandishwa hadi la 5. Cheti hakijafutwa, ila hakiwezi tena kufungua mlango wa hoteli hiyo. Mpango wa World of Hyatt, ambao mwaka wa 2017 ulichukua nafasi ya Hyatt Gold Passport, umekuwa ukipanga upya madaraja ya hoteli zake kila mwaka. Hoteli nyingine hupanda, nyingine hushuka. Wanaoshuka nazo hufaidika, kwa sababu cheti kilichokuwa kinakataliwa huanza kupokelewa.

*2. Madaraja kuondolewa kabisa.* Mwaka wa 2022 Marriott Bonvoy iliacha jedwali la madaraja na kuanza bei ya pointi inayopanda na kushuka kulingana na siku na wingi wa wageni. Chini ya utaratibu wa namna hii, mwenye cheti chenye kikomo hawezi tena kusema hoteli fulani inamfaa au haimfai. Hoteli ileile inaweza kumfaa Jumanne na kumkataa Ijumaa. Ili kupunguza makali, mwaka huohuo Marriott iliwaruhusu wanachama kuongeza hadi pointi 15,000 juu ya cheti pale bei inapozidi kikomo. IHG nayo iliruhusu wenye vyeti vya kadi kuongeza pointi zao mwaka wa 2022. Miaka 4 kabla ya hapo IHG ilikuwa imepunguza nguvu ya vyeti hivyo: vilivyotolewa kuanzia Mei 2018 viliwekewa kikomo cha pointi 40,000, ilhali vya awali havikuwa na kikomo hicho.

*3. Mipango kuunganishwa.* Marriott iliinunua kampuni ya Starwood mwaka wa 2016, ikaunganisha mipango ya zawadi Agosti 2018, na mwaka wa 2019 ikaupa mpango mmoja jina la Marriott Bonvoy. Katika muunganisho wa namna hii, cheti cha zamani hutafsiriwa kwa kipimo kipya. Tafsiri hiyo ndiyo yenye maumivu, kwa sababu daraja jipya lenye nambari inayofanana na la zamani huenda lisiwe na hoteli zilezile.

Kenya imeonja jambo hili. Kampuni ya Accor ya Ufaransa ilinunua jina la Fairmont mwaka wa 2016, na Julai 2018 mpango wa Fairmont President's Club ukafungwa na wanachama wakahamishiwa mpango wa Accor. Waliokuwa wakilala Norfolk jijini Nairobi au Mount Kenya Safari Club karibu na Nanyuki walijikuta wanachama wa mpango mwingine, wenye njia nyingine ya kuhesabu zawadi. Mwaka wa 2019 mpango huo wa Accor nao ulibadilishwa na kuwa Accor Live Limitless.

*4. Hoteli kufungwa au kubadilisha jina.* InterContinental Nairobi ilifunga milango mwaka wa 2020 wakati wa janga la Korona. Hilton ya katikati ya jiji la Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1969, ilifungwa mwisho wa mwaka wa 2022. Hoteli ikifungwa, mwenye cheti cha mpango wa kimataifa bado anaweza kwenda hoteli nyingine ya kampuni hiyo, ingawa huenda iko mbali. Mwenye vocha ya hoteli yenyewe hana pa kwenda ila kumdai mmiliki. Na mmiliki akiwa amefilisika, mwenye vocha anapanga foleni na wadai wengine, nyuma ya wale wenye dhamana. Wakenya wanakumbuka duka la Nakumatt: liliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura lifilisiwe.

*5. Muda wa mwisho.* Vyeti vingi hudumu mwaka mmoja. Lakini masharti hutofautiana kwa jambo dogo lenye uzito: mengine yanataka chumba kihifadhiwe kabla ya tarehe ya mwisho, na mengine yanataka mgeni awe ameshalala na kuondoka kabla ya tarehe hiyo. Anayesoma haraka hupoteza cheti chake kwa siku moja tu.

Hesabu ya mfano

Tuseme mkazi ana cheti chenye kikomo cha pointi 35,000 na anataka hoteli ya Pwani.

Mwezi Mei, usiku mmoja unagharimu pointi 30,000. Cheti kinatosha. Pointi 5,000 zinazobaki hazirudishwi, kwa sababu cheti hakina chenji.

Mwezi Agosti, bei ya usiku huohuo imefika pointi 42,000. Cheti kimepungukiwa pointi 7,000. Kama mpango unaruhusu kuongeza na mkazi anazo pointi hizo, atalala. Kama hauruhusu, au hana pointi, cheti hakimsaidii katika hoteli hiyo. Thamani yake kwa mpango haijabadilika, lakini kwa mkazi huyu imekuwa sufuri mpaka apate hoteli nyingine.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu huisahau. Cheti kwa kawaida hulipia chumba tu. Tuseme chumba chenyewe kingeuzwa KSh 15,000. Kukifikia kunahitaji nauli ya KSh 9,000 kwa watu wawili, na chakula cha hotelini kinagharimu KSh 6,000. Jumla ya matumizi ni KSh 15,000, sawa na bei ya chumba. Katika hoteli zilizo ndani ya hifadhi za wanyama, ada ya kuingia hifadhini hulipwa kando. Usiku wa bure si safari ya bure, na familia isiyopiga hesabu mapema inaweza kutumia akiba ya karo kuokoa cheti.

Sheria inamlinda mwenye cheti kiasi gani?

Ni vyema ukweli usemwe wazi. Karibu kila mpango wa zawadi una sharti linaloipa kampuni haki ya kubadilisha, kupunguza au kufuta mpango. Mteja hulikubali sharti hilo anapojiunga, hata kama hakulisoma. Nchini Kenya kampuni kubadilisha zawadi zake si kosa kwa yenyewe.

Mahali pengine sheria imeingilia kati. Mkoa wa Ontario nchini Kanada ulirekebisha sheria yake mwaka wa 2016 na kupiga marufuku kufuta pointi za wateja kwa sababu ya muda kupita tu. Huku kwetu, Safaricom ilitangaza mwaka wa 2022 kwamba Bonga Points zilizokaa zaidi ya miaka 3 zingeanza kufutwa, kisha ikausitisha mpango huo kabla haujaanza kutekelezwa. Tukio hilo lilionyesha kwamba sauti ya wateja huwa na uzito hata pale masharti yanapoipa kampuni nguvu.

Hata hivyo mkazi hayuko mikono mitupu. Anazo nguzo tatu.

Ya kwanza ni Kifungu cha 46 cha Katiba. Kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa anapopata hasara kutokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Kifungu hiki kinawahusu watoa huduma wa umma na wa kibinafsi.

Ya pili ni Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha katika biashara. Inasema pia kwamba pale maneno ya mkataba yanapokuwa na utata na kuweza kueleweka kwa njia zaidi ya moja, yafasiriwe kwa faida ya mtumiaji. Kwa mfano, cheti kinachosema tu "halali hadi 31 Desemba", bila kufafanua kama ni kuhifadhi chumba au kulala, kinampa mwenye nacho hoja ya nguvu.

Ya tatu ni Sheria ya Ushindani ya 2010, ambayo nayo inakataza matangazo ya kupotosha na kumtendea mtumiaji kwa hila. Hoteli iliyotangaza "lala mara tano, ya sita bure" ili ijaze vyumba, kisha ikaufuta mpango mteja alipofika usiku wa tano bila kumpa taarifa yoyote, ina swali la kujibu. Ahadi iliyomvuta mteja alipe ni sehemu ya biashara yenyewe.

Tofauti basi ni hii. Kampuni kutoa taarifa mapema na kubadilisha kanuni kwa kufuata masharti yake mara nyingi haimpi mteja kesi, hata kama inaudhi. Kampuni kudanganya, kuficha sharti, kukataa cheti ambacho masharti yake bado yametimizwa, au kukataa vocha iliyolipiwa pesa ni jambo linaloweza kulalamikiwa na kudaiwa.

Hatua za kuchukua sasa

1. *Tafuta vyeti vyote.* Angalia barua pepe, programu ya simu, akaunti ya mpango na makaratasi ya nyumbani. Andika kwa kila kimoja: nani amekitoa, nambari yake, tarehe ya mwisho na mipaka yake.

2. *Soma vigezo na masharti kwa maswali manne.* Je, tarehe ya mwisho ni ya kuhifadhi chumba au ya kulala? Je, cheti kinaweza kutumiwa na mtu mwingine? Je, kinaweza kuongezewa pointi? Je, chumba kikifutwa, cheti hurudi?

3. *Hifadhi chumba mapema.* Mipango mingi huheshimu nafasi iliyohifadhiwa kabla ya siku mabadiliko yanapoanza kutumika, hata kama mgeni atalala baadaye. Tangazo la kupanda kwa daraja likitoka, kipindi kati ya tangazo na siku ya kuanza ndicho chenye nafuu. Chagua nafasi inayoweza kufutwa bila faini.

4. *Usiguse nafasi hiyo bila sababu.* Kubadilisha tarehe baada ya kanuni mpya kuanza huweza kuhesabiwa kama ombi jipya, na bei mpya ikatumika. Vilevile, ukifuta nafasi baada ya tarehe ya cheti kupita, kwa kawaida cheti hurudi kikiwa kimekufa.

5. *Omba muda uongezwe kabla haujaisha.* Wakati wa Korona, kampuni kubwa zikiwemo Marriott, Hilton na Hyatt ziliongeza muda wa vyeti. Hata nje ya janga, hoteli nyingi husikiliza ombi la heshima lenye sababu, kama vile ugonjwa au msiba, likiletwa mapema kwa maandishi. Ombi la baada ya tarehe kupita ni gumu zaidi.

6. *Tunza ushahidi.* Piga picha ya skrini ya cheti, masharti na tangazo la mabadiliko, pamoja na tarehe. Masharti ya mtandaoni hubadilishwa bila nakala ya zamani kubaki. Kwa vocha iliyonunuliwa, tunza risiti au ujumbe wa M-PESA.

7. *Usigeuze pointi kuwa cheti bila safari iliyo karibu.* Pointi zinaweza kudumu muda mrefu zikitumiwa au kuongezwa mara kwa mara. Marriott na Hyatt, kwa mfano, zimekuwa zikihesabu miezi 24 ya akaunti kukaa kimya kabla ya kufuta pointi. Cheti tarehe yake haisogei, na kwa kawaida hakigeuzwi kuwa pointi tena.

Jihadhari na matapeli

Msimu wa mabadiliko ni msimu wa matapeli. Hakuna hoteli ya kweli inayohitaji nambari ya siri ya M-PESA, nambari ya siri ya kadi ya benki au "ada ya kufufua cheti" itumwe kwa nambari ya mtu binafsi. Anayepata ujumbe wa namna hiyo apige simu hotelini kwa nambari aliyoitafuta mwenyewe, asitumie iliyo ndani ya ujumbe.

Wakazi pia wajihadhari na wanaouza vyeti kwenye mitandao ya kijamii. Mipango mingi inakataza vyeti kuuzwa, na kampuni ikigundua inaweza kukifuta hata baada ya mnunuzi kufika mapokezi na mizigo yake. Kuhusu "zawadi ya siku tatu hotelini" inayogawiwa madukani kwa sharti la kuhudhuria kikao cha mauzo, mkazi aulize kabla ya kutia sahihi: nani analipia chakula, kodi na usafiri, na je, ni lazima anunue chochote?

Kwa wenye hoteli na nyumba za wageni

Mpango mdogo wa zawadi unaweza kuleta wateja wengi, na pia unaweza kuleta kesi. Wafanyabiashara wenye leseni za kaunti wanahimizwa kufanya mambo matano:

- Kuandika masharti kwa lugha ambayo mteja anaielewa, Kiswahili kikiwemo, kwenye cheti chenyewe na si kwenye tovuti pekee.
- Kutaja wazi siku ambazo cheti hakipokelewi, kama vile Krismasi na Pasaka.
- Kutoa taarifa mapema kabla ya kubadilisha au kufunga mpango, na kuwapa wenye vyeti muda wa kutosha kuvitumia.
- Kutunza daftari la vyeti na vocha zilizotolewa, ili mfanyakazi mpya wa mapokezi asikatae karatasi ambayo mtangulizi wake aliitia sahihi.
- Biashara inapouzwa, kuandika ndani ya mkataba wa mauzo nani ataheshimu vyeti vya zamani. Mnunuzi asiyeuliza swali hili hurithi ugomvi.

Pa kupeleka malalamiko

Hatua ya kwanza ni hotelini kwenyewe au kwenye mpango uliotoa cheti. Malalamiko yawe kwa maandishi, yaeleze kilichoahidiwa, kilichotokea na kinachotakiwa: chumba, muda zaidi au pesa. Mlalamikaji aombe jibu kwa tarehe maalum.

Jibu lisipopatikana, malalamiko yapelekwe afisi ya biashara ya kaunti, au yaachwe kwa msimamizi wa wadi ili yafikishwe huko. Maafisa wanaweza kuwapatanisha wahusika na kuangalia kama mwenye biashara anafuata masharti ya leseni yake.

Malalamiko kuhusu matangazo ya kupotosha hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Yale yanayohusu mwenendo wa hoteli yenye leseni ya utalii yanaweza kufikishwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011.

Kwa hasara ya pesa, kama vile vocha iliyolipiwa na kukataliwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Mdai anaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili na kuzungumza Kiswahili. Iko katika baadhi ya vituo vya mahakama, na afisi ya biashara itamwelekeza mkazi kilicho karibu.

Pale mpango unapomilikiwa na kampuni ya ng'ambo, masharti mara nyingi hutaja sheria ya nchi yenye makao yake makuu. Kesi dhidi ya kampuni kama hiyo inaweza kugharimu kuliko usiku mmoja wa hoteli. Kwa vyeti hivyo, kinga bora ni kuhifadhi chumba mapema na kuomba muda kabla haujaisha. Wakazi wanaokwenda afisi ya biashara kuuliza kuhusu cheti au vocha wanaombwa kubeba kitambulisho, nakala ya cheti, risiti kama ipo, na mawasiliano yote waliyofanya na hoteli.